Usiku ule ulikuwa na asubuhi yake

Mahindi yakianza kubeba, sisi wa Chunyu, kusini mwa Tanzania, tulihamia shambani kuyalinda na nguruwe pori. Nilikuwa na miaka 15. Mimi na kaka tulilala dungu moja, yeye upande wa mlangoni. Simba alimchukua yeye.

Hatukuwa peke yetu. Watafiti walioandika mwaka 2005 walihesabu Watanzania wasiopungua 563 waliouawa na simba tangu 1990, wengi wa kusini, na wakaona ni hao nguruwe waliokuwa wakitutoa majumbani kwenda kulala mashambani. Kijijini, lakini, ilisemwa ni simba wa kutumwa. Basi msiba ukaja na maswali: nani kamtuma, na mbona mdogo wake kabaki? Hilo la pili nililimeza.

Nikaoa, nikapanda mikorosho yangu. Paka akirukia bati usiku, najikuta nimesimama mlangoni na panga, jasho linanitoka, mke wangu ananiita nami simsikii. Mjomba alinipeleka kwa mganga, nikachanjwa. Namshukuru, hakunitupa. Ila panga sikuliweka chini.

Mshauri niliyemkuta hospitalini ndiye aliyeniambia kwamba huo ni ugonjwa, tena una jina: msongo wa baada ya kiwewe. Alitandaza kamba mkekani. Akasema ndiyo maisha yangu tangu kuzaliwa. Penye furaha niweke ua, penye baya niweke jiwe. Baadaye nilikuja kujua kwamba njia hiyo ilijaribiwa Nakivale, Uganda, kwa wakimbizi wa Rwanda na Somalia, na waliowasikiliza walikuwa wakimbizi wenzao waliofundishwa kazi hiyo.

Jiwe lile nililishika siku ya tatu. Nikifika kwenye ukelele wa kaka, nanyamaza. Mshauri hakunikimbiza.

“Miguu yako iko wapi sasa hivi?”

“Kwenye mkeka.”

“Haya. Halafu ikawaje?”

Wiki hadi wiki, halafu ikawaje. Miaka yote usiku ule ulikuwa unakatikia palepale, kisha unaanza upya. Siku moja nikavuka. Nikasema nilivyopiga debe mpaka vidole vikachubuka, kukapambazuka, mjomba akaja na watu, akanifunika shuka lake, akanibeba mgongoni, kijana mzima, hadi nyumbani. Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba nilibebwa.

Jioni ile nilimpitia mjomba, nikamwuliza.

“Ulikuwa mzito, mpwa wangu,” akasema, akanisogezea kigoda.