Mashini ya Hewa ya Moto kwa Fundi Mwenye Fedha Kidogo



Mpwa wangu alipomaliza kujifunza kazi ya kutengeneza simu hapa Lubumbashi, alinijia na shauri gumu. Mama yake, muuza makaa, alikuwa ameweka dola 120. Katika fedha hizo ilipasa kununua vyombo vya kazi, na tena kulipa minervali ya dada yake mdogo aliye katika sekondari. Kijana alitamani Quick 861DW, yenye wati 1000, kwa kuwa mafundi hodari huisifu. Ni chombo chema, sikatai. Lakini bei yake hupita dola 200, na mfanyabiashara mmoja alikuwa tayari kumkopesha kwa faida.

«Mjomba,» akasema, «pasipo mashini nzuri watu hawataniamini.»

«Mwanangu, mteja haulizi jina la mashini. Huuliza kama simu yake inawaka.»

Kukopa kwa faida kabla ya kupata mteja wa kwanza ni kujifunga kamba shingoni. Sidhani kama Mtakatifu Yosefu alianza na vyombo vya tajiri.

Wasioijua kazi hii wasikilize kidogo. Vipande vingi vya kibao cha simu vimeshikwa kwa lehemu upande wa chini, mahali ambapo pasi ya kulehemu haifiki. Fundi hupuliza hewa ya moto mpaka lehemu iyeyuke, ndipo akiinue kipande kwa koleo ndogo. Lehemu ya zamani, ya bati na risasi, huyeyuka kwa digri 183. Lakini mwaka 2006 Umoja wa Ulaya ulianza kukataza risasi katika vyombo vingi vya umeme, na lehemu isiyo na risasi hutaka digri 217 na zaidi.

Mashini za namna ya 858D, zitengenezwazo China kwa majina mengi, hupatikana kwa dola 40 hadi 70. Zina wati 700 hivi, na feni imo ndani ya mpini. Namna ya 850 ina pampu ndani ya sanduku. Hutetemeka, na sharti kufungua kwanza skrubu za chini zinazoishika pampu safarini. Kwa simu, 858D yatosha.

Hatari imo ndani. Katika mashini za bei ndogo zimeonekana nyingine ambazo waya wa ardhi haufiki kwenye bomba la chuma la mpini, na nyingine ambazo swichi hukata waya wa nyutro, huku waya wenye umeme ukibaki hai. Mashini ya namna hiyo yaweza kumwua fundi. Basi tulikwenda dukani na mita mfukoni. Mashini ikiwa haijachomekwa, ncha moja ya mita huguswa mahali pa ardhi pa plagi, ya pili kwenye bomba. Yapasa kusoma karibu sifuri omu. Muuzaji alinung'unika sana. Mashini ya kwanza haikuonyesha kitu. Ya pili ilipita, nayo ilikuwa ya volti 220. Tukailipa dola 55. Nyumbani tukafungua kifuniko, tukaona fyuzi ipo na swichi iko kwenye waya wenye umeme.

Dola 12 zilinunua fluksi, koleo, waya wa lehemu na mkanda unaovumilia moto. Zile 53 zilizobaki zilikwenda shuleni.

Namba inayoonekana juu ya mashini ni joto la ndani ya mpini, wala si la kibao. Kwa hiyo nilimtaka ajizoeze kwa vibao vilivyokufa wiki mbili nzima, kwa digri 350 hivi, akisogezasogeza mkono. Tena betri itolewe kwanza: betri ya lithiamu ikipata joto kali huweza kulipuka.

Umeme wetu ndio taabu. Mashini ikizimwa vema, feni huendelea kupuliza mpaka joto lishuke chini ya digri 100. Umeme ukikatika ghafula, feni husimama na mpini huweza kuharibika. Jenereta ndogo ya wati 650 haiwezi kuibeba. Kwa hiyo kijana hufanya kazi hii usiku, saa ambapo umeme wa mtaa wetu hutulia. Dada yake, anayesoma kwenye meza ileile, humtaka afungue dirisha kwa ajili ya moshi wa fluksi, na haki ni yake.