Nahodha wa Chombo cha Wengi: Tafakuri Kuhusu Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Afya Duniani

Wahenga walinena kuwa manahodha wengi, chombo huenda mrama. Wahenga hao hao wakasema penye wengi hapaharibiki neno. Sisi wanafunzi wa fasihi simulizi tumezoea kuulizwa darasani ni ipi kati ya kauli hizi iliyo ya kweli, nasi hujibu kwamba methali huamuliwa na muktadha. Katika makala haya ninakusudia kuzipima methali hizi mbili katika muktadha ambao yamkini utaonekana mgeni jaridani humu: uteuzi wa Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Afya Duniani.

Huenda msomaji akashangaa mwanafunzi wa uzamili wa fasihi ana haja gani na mambo ya Geneva. Haja ninayo. Mama yangu ni mhudumu wa afya ya jamii kijijini kwetu. Mwaka wa 2020, ugonjwa wa Korona ulipobisha hodi, aliletewa karatasi za maagizo zilizoandikwa kwa Kiingereza kitupu, nami nikawa mfasiri wake. Jioni moja, baada ya kunisikiliza nikimsomea habari za Geneva, aliniuliza: "Mwanangu, huyo mkubwa wao huchaguliwa na nani? Nasi tukitaka kumuuliza jambo, tutamuuliza kwa lugha gani?" Maswali hayo mawili ndiyo chimbuko la tafakuri hii.

Tuanze na la kwanza. Katiba ya Shirika hilo ilianza kutumika tarehe 7 Aprili 1948. Kwa mujibu wake, Mkurugenzi Mkuu huteuliwa na Mkutano Mkuu wa Afya kutokana na pendekezo la Bodi ya Utendaji yenye wanachama 34. Kwa miaka mingi Bodi hiyo ilipeleka jina moja tu, na Mkutano ukabaki kuitikia "amina". Mwaka wa 2017 mambo yalibadilika. Kwa mara ya kwanza majina matatu yalifikishwa mbele ya nchi wanachama: Tedros Adhanom Ghebreyesus wa Ethiopia, David Nabarro wa Uingereza na Sania Nishtar wa Pakistan. Kura ilikuwa ya siri, kila nchi kura moja, kubwa kwa ndogo. Katika duru ya tatu Tedros alipata kura 133, Nabarro 50. Hivyo Mwafrika wa kwanza akakikalia kiti ambacho Brock Chisholm wa Kanada alikuwa wa kwanza kukikalia.

Hata hivyo, kuchaguliwa ni jambo moja, kuongoza ni jingine. Mkurugenzi huyu hana jeshi wala mahakama. Silaha yake kuu ni neno lake. Halfdan Mahler wa Denmark alilitumia vyema. Mwaka wa 1978, katika mkutano wa Alma-Ata, alisimamia wazo kwamba afya ianzie kwa jamii yenyewe wala si katika hospitali kubwa za mijini pekee. Mkoba autembezao mama yangu nyumba kwa nyumba una nasaba na wazo hilo. Lakini neno likichelewa huzaa maafa. Mwaka wa 2014 Ebola ilikuwa imejulikana nchini Guinea tangu Machi, ilhali dharura ya kimataifa ilitangazwa Agosti, na Margaret Chan, aliyekuwa usukani wakati huo, akalaumiwa vikali.

Aidha, Katiba inamkataza Mkurugenzi kuomba au kupokea maagizo ya serikali yoyote, hata ile ya kwao. Jambo hili si nadharia tupu. Mwaka wa 2022 Tedros aliporejea kuomba muhula wa pili, Ethiopia haikumpendekeza, kutokana na mvutano uliozushwa na vita vya Tigray. Alipendekezwa na nchi nyingine, Ujerumani na Kenya zikiwa miongoni mwazo, akashinda bila mpinzani.

Kizingiti kikubwa zaidi ni fedha. Mkono mtupu haulambwi. Sehemu kubwa ya bajeti ya Shirika hutokana na michango ya hiari, na mengi ya mafungu hayo huja na masharti ya matumizi. Ndiyo maana mwaka wa 2022 nchi wanachama zilikubaliana kuongeza ada zao za lazima hatua kwa hatua. Mnamo Januari 2025, Marekani, mmoja wa wachangiaji wakubwa kabisa, ilitangaza kujiondoa. Nahodha aliyepigiwa kura na wengi akajikuta akihesabu mbao za chombo chake.

Sasa swali la pili la mama. Lugha rasmi za Shirika ni sita: Kiarabu, Kichina, Kiingereza, Kifaransa, Kirusi na Kihispania. Kiswahili hakimo. Wala hatuwezi kudai kwamba hatuna watu. Faustine Ndugulile wa Tanzania alichaguliwa kuongoza kanda ya Afrika mwaka wa 2024, akafariki kabla ya kuingia ofisini. Mwaka wa 2025 akachaguliwa Mtanzania mwenzake, Mohamed Janabi. Watu tunao, ila istilahi zetu za afya bado zimetawanyika, kila mfasiri akijibunia lake. Hapo ndipo kazi ya wanachama wa chama chetu ilipo: kuzikusanya, kuzipima kwa masikio ya wanavijiji na kuzisanifisha kabla ya tandavu nyingine.

Muhula wa Tedros umepangwa kukamilika Agosti 2027. Kwa maoni yangu, methali zote mbili zina ukweli. Wengi na wamchague nahodha, kwa kuwa chombo ni chao. Wakishamchagua, wamwachie usukani na wasimnyime tanga. Nao abiria wa ngamani wana haki ya kuuliza chombo kinaelekea wapi, na kujibiwa kwa lugha wanayoielewa.