Maksai wa Baba na Shahada Yangu



Likizo ya mwezi wa saba nilikuwa nyumbani, juu kwenye uwanda wa Ufipa, mwendo wa saa moja na nusu kwa bodaboda kutoka Sumbawanga mjini. Aliyewahi kufika kwetu mwezi huo anaijua baridi yake. Upepo unapita kwenye mabua ya mahindi yaliyokwisha kuvunwa, na watu wazima wanaota moto jikoni na makoti yao hadi jua lipande. Jikoni hapo ndipo baba aliponiuliza swali ambalo nadhani alikuwa amelitunza kwa miaka miwili.

"Frateri," akasema. Baba huniita hivyo akiwa na jambo zito. Siku nyingine naitwa kwa jina langu. "Ile kompyuta uliyosomea Dodoma, mdogo wako naye anaitaka. Nakuuliza wewe uliyekwisha kupita. Ina kazi, au ni njia ya kwendea seminari?"

Mama alicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu najua shahada ile ililipiwa na nini. Mwaka 2019, nilipochaguliwa kusoma Mifumo ya Taarifa Chuo Kikuu cha Dodoma, sikuwa na mkopo, na baba aliuza maksai wawili wa plau. Kwa asiye mkulima labda ni ng'ombe tu. Lakini asiye na maksai hukodi, na anayekodi hulima wa mwisho, mwenye mali akishamaliza shamba lake. Mvua haimsubiri. Misimu mitatu baba alipanda akiwa amechelewa, ili mimi nikae mbele ya kompyuta. Nilimaliza mwaka 2022, na mwaka uliofuata nikaomba kuingia nyumba ya malezi. Hakunikataza. Alisema tu, "Mungu ndiye mwenye mali," kisha akaenda kuangalia shamba.

Sasa mdogo wangu alikuwa amepata matokeo ya kidato cha sita, na aliketi pale pale jikoni akijifanya anachambua maharage.

Kabla sijajibu ilinibidi kwanza niwaeleze nilisoma nini hasa, maana hata nyumbani hawajui. Kijijini niliwahi kuletewa redio, simu zilizoingia maji, na king'amuzi. Hata hapa seminarini mashine ya kuchapa ikikwama naitwa mimi, na tangu Carlo Acutis atangazwe mtakatifu mwezi Septemba 2025, ndugu zangu wamepata jina jipya la kunitania. Ukweli ni kwamba sikufundishwa kutengeneza vyombo. Tulijifunza hifadhidata, uprogramu, mitandao, uhasibu kidogo, na jinsi ya kukaa na watu na kuwauliza kazi yao inakwendaje. Swali la fani hii ni moja tu, ingawa lina matawi mengi: nani anaandika nini, anakiandika wapi, na kinamfikiaje yule anayetakiwa kuamua?

Nilimpa mama mfano wa MTUHA, maana anayapenda mambo ya kliniki. Kila mama aliyepeleka mtoto zahanati amemwona nesi akijaza vile vitabu vikubwa. Huo ni Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, nao ulianza miaka ya 1990 kwa karatasi na kalamu. Mwisho wa mwezi hesabu hujumlishwa na kupelekwa wilayani, na siku hizi jumla hizo huingizwa kwenye programu iitwayo DHIS2, iliyotokana na kazi iliyoanza Afrika Kusini kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Oslo, na ambayo hapa nchini wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wameihudumia kwa miaka mingi. Lakini nesi akiwa peke yake, amechoka, akajaza siku kumi kwa kukumbuka, programu haiwezi kujua. Itaufikisha uongo ule Dodoma kwa kasi zaidi kuliko karatasi.

"Kwa hiyo ni kazi ya karani," baba akasema.

Ni kazi ya karani, ndiyo. Na hapo nikaona nimweleze jambo ambalo sikuwa nimemweleza mtu yeyote wa nyumbani.

Mwaka ule wa 2022 nilipotoka chuo, Serikali ilikuwa imeanzisha ruzuku ya mbolea kwa msimu wa 2022/2023. Wakulima waliandikishwa vijijini na ukubwa wa mashamba yao, taarifa zikaingizwa kwenye mfumo, na mkulima akanunua kwa namba yake ya usajili. Mfuko wa kilo 50 wa DAP au Urea ukauzwa shilingi 70,000, wakati bei ya soko ilikuwa imepita laki moja. Kwa Mfipa anayelima mahindi hilo si jambo dogo. Mimi nilikuwa nyumbani nikisubiri kuitwa kwenye usaili, nikajitolea kusaidia kuandika. Nilikuwa na shahada mpya na haraka nyingi.

Mzee mmoja wa jumuiya yetu alikuwa na ekari nne. Mimi niliandika moja. Sijui ilikuwaje, labda niliisoma vibaya karatasi yenye vumbi, labda nilikuwa naongea na mtu huku naandika. Alipokwenda kwa wakala, namba yake ilimruhusu mbolea ya ekari moja. Akabishana, akaambiwa mfumo ndio unavyosema. Alirudi kijijini akiwaambia watu kwamba kompyuta imelila shamba lake, na watu wakacheka, na mimi nikiwa miongoni mwao nikacheka pia, mpaka nilipoenda kutazama daftari. Marekebisho yalifanyika, lakini mvua zilikuwa zimeshaanza. Ekari tatu alizipanda bila mbolea ya kupandia.

Nilimfuata kwake jioni. Nikamwamkia, nikamwambia, "Babu, si kompyuta. Ni mimi." Alininyamazia muda mrefu. Kisha akasema, "Basi mwakani uandike kwa kalamu yenye macho." Nilikwenda kupalilia kwake siku nne, lakini mahindi ya njano hayaponi kwa palizi. Msimu ule alivuna kidogo, na mwanawe akachelewa kurudi shule kwa sababu ya michango.

Darasani tulikuwa na neno la kosa kama lile. Tuliliita kosa la uingizaji, na kwenye mtihani lilikuwa na alama mbili.

Baba alisikiliza huku anasukuma kuni. Mdogo wangu aliacha maharage. "Kaka, kwa hiyo nisiende?" akauliza.

Nikamwambia hapana, sikusema hivyo. Kazi zipo, lakini hazimsubiri mtu mlangoni, na anayemwahidi mtoto kwamba akisoma TEHAMA ataajiriwa kesho yake anamdanganya. Serikalini hutangazwa nafasi za Afisa TEHAMA Daraja la II kupitia Sekretarieti ya Ajira: wachambuzi wa mifumo, wasimamizi wa hifadhidata, watu wa usalama wa mitandao. Mimi nilifanya usaili mmoja. Tulijaa ukumbi mzima kwa nafasi chache, nikarudi Sumbawanga na basi la usiku. Nje ya Serikali kuna benki, kampuni za simu na miamala yake, hospitali, miradi inayotafuta watu wa ufuatiliaji na tathmini, na vyama vya ushirika, ambavyo mazao yakiuzwa kwa stakabadhi ghalani vinahitaji mtu anayejua kwamba kilo zilizoandikwa ndizo zilizo ghalani. Kuna pia mlango mpya ambao wengi bado hawajauona. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na taasisi inayokusanya taarifa za watu, iwe shule, hospitali au kampuni, inapaswa kujua imekusanya nini, kwa sababu gani na nani anaruhusiwa kuona. Taasisi nyingi zinazo karatasi tu na kabati lisilofungwa. Mimi nadhani binti mwenye utulivu wa mdogo wangu angefaa hapo kuliko kijana anayependa kuonekana anaandika programu usiku kucha.

Ninyi ndugu mnaosoma falsafa pamoja nami mtauliza, na wewe je, kwa nini uliondoka? Sina jibu fupi. Naweza kusema tu kwamba nilidhani nimeiacha fani yangu getini, nikaikuta ndani. Mjesuiti Mwitaliano, Padre Roberto Busa, alikuwa akiandika tasnifu yake juu ya fundisho la Mtakatifu Tomaso wa Akwino kuhusu uwepo. Akagundua kwamba maneno makubwa yenye maana ya "uwepo" hayatoshi. Fundisho lenyewe limejificha kwenye kile kineno kidogo cha Kilatini, "in". Ilimbidi atafute kila mahali kilipotumika. Alianza kwa kadi za mkono, maelfu kwa maelfu, na mwaka 1949 akaenda Marekani kumwona Thomas Watson wa IBM amwombe msaada wa mashine. Kazi hiyo ilichukua miaka 30 hivi, ikazaa vitabu 56 vya faharasa. Wasichana wa Gallarate waliotoboa kadi hizo hawakumbukwi sana, na mimi nikisoma habari za Busa huwafikiria wao, kila mmoja na kadi yake, wasikosee herufi.

Na kabla ya Busa kulikuwa na kitabu cha ubatizo. Nilipohitaji cheti ili niombe kuingia seminari, paroko wetu alitoa kitabu kikubwa kabatini, akafuata kwa kidole mstari wenye jina langu. Kanuni ya 535 inaagiza kwamba kipaimara, ndoa, daraja na nadhiri za daima, vyote virudi kuandikwa pale pale kwenye ubatizo, popote mtu atakapokuwa amekwenda. Nilisoma miaka mitatu jinsi ya kuzuia taarifa za mtu mmoja zisitawanyike sehemu kumi, na hapa palikuwa na suluhisho lenye vumbi na wino wa bluu. Kipaimara changu kilikuwa kimeandikwa. Nafasi zilizofuata zilikuwa tupu. Padre akanakili tarehe yangu ya kuzaliwa, akairudia kwa sauti, akaniuliza, "Ndiyo?"

Nilimweleza baba hayo yote, labda kwa urefu kuliko alivyotaka, na mwisho nikasema kwamba sijui kama nitakuja kuwalipa wale maksai.

"Sikukuuliza habari za kulipa," akasema. "Nimekuuliza kama ina kazi."

"Ina kazi, Baba. Ngumu."

"Basi ajaze. Lakini safari hii siuzi ng'ombe. Aombe mkopo, na mimi nitaongeza kwenye mahindi."

Jioni tulipanda wote watatu kwenye kichuguu nyuma ya nyumba, mahali pekee penye mtandao, baba akishika tochi na upepo ukitupiga. Mdogo wangu alinisomea namba ya cheti cha kuzaliwa, nikaiandika kwenye simu. Akanisomea tena. Nikamwambia anisomee mara ya tatu, polepole, tarakimu moja moja.