Picha Moja Haitoshi

Mwalimu hapendi kukiri mbele ya watu kwamba alikosa. Lakini kosa likifichwa halimfundishi mtu, nasi tunalo moja ambalo huenda likawafaa wazazi na wanafunzi.

Mwaka jana, mitihani ya serikali ilipokaribia, binti mmoja wa darasa letu la mwisho alitujia baada ya masomo. Ni mtoto mtulivu, tena mwenye akili nyingi katika fizikia. Akasema: «Mwalimu, nataka kujifunza kazi ya radio hospitalini. Lakini Baba hataki. Anadhani nitakaa sokoni kutengeneza masanduku ya muziki.»

Tulicheka. Kisha tukamjibu pasipo kufikiri: «Mwanangu, mwenye kichwa kama chako awe daktari. Kupiga picha za mifupa ni kubonyeza kitufe tu.» Akainamisha kichwa, akashukuru, akaenda. Baadaye tukasikia kwamba ameacha kabisa habari ya masomo. Kwa udaktari baba yake hakuwa na fedha. Na ile kazi nyingine, mwalimu wake mwenyewe alikuwa ameidharau.

Miezi ikapita. Siku moja mtoto wetu wa miaka saba alianguka kutoka juu ya mwembe, kiwiko kikavimba. Tukampeleka mahali penye mashine. Kijana tuliyemkuta hakuisomea kazi ile. Alikuwa amemtazama mwenzake akiifanya, basi. Aliunyosha mkono wa mtoto kwa nguvu, akapiga picha moja, nayo ikatoka na ukungu kwa sababu mtoto alitikisika kwa maumivu. Tukaambiwa kwamba hakuna kilichovunjika. Siku tatu zikapita mtoto asipate usingizi, wala mama yake.

Siku ya nne tukaenda hospitali nyingine. Hapo tulimkuta mama mmoja, fundi mwenye diploma. Kwanza alimwuliza mtoto jina lake, akachuchumaa mbele yake, akamweleza kwamba mashine haitamgusa. Akamwuliza mama wa mtoto kama ana mimba, akamwomba angoje nje. Sisi tuliobaki kumshika mtoto alituvika aproni nzito yenye madini ya risasi. Akaupunguza mwanga hata ukaangukia kiwiko peke yake. Hakuunyosha mkono, alizungusha mashine mwenyewe. Akapiga picha mbili, moja ya mbele na moja ya ubavu. Katika ya kwanza hatukuona neno. Katika ya pili ufa wa mfupa ulionekana wazi.

Akatuambia: «Mwalimu, picha moja haitoshi. Mfupa uliovunjika hujificha ukitazamwa upande mmoja tu.»

Neno hilo lilituchoma moyo, maana tulimkumbuka yule binti. Sisi pia tulikuwa tumeitazama kazi hii upande mmoja.

Mtoto alipokwisha kufungwa plasta, tulimwomba yule mama atueleze masomo yake. Alisoma miaka mitatu baada ya diploma ya serikali, katika chuo cha juu cha ufundi wa utabibu, kile tunachokiita ISTM. Alijifunza mifupa yote ya mwili, ambayo kwa mtu mzima ni 206, na jinsi ya kumlaza mgonjwa ili kila mmoja uonekane. Alijifunza fizikia: jinsi elektroni zinavyopiga chuma cha tungsteni ndani ya mashine, na jinsi karibu sehemu 99 katika 100 za nguvu zile zinavyogeuka kuwa joto, ikibaki kama sehemu moja tu kuwa mionzi. Alijifunza kupima nguvu na muda kwa kadiri ya unene wa mwili, maana kifua cha mtoto mchanga si kifua cha baba yake. Alijifunza pia kwamba mtu akienda mbali mara mbili, mionzi inayompata hupungua hata robo. Kisha akafanya mazoezi hospitalini chini ya mafundi wazee. Kifuani alivaa kipimo kidogo kinachohesabu mionzi inayompata kazini.

Kwa nini uangalifu huo wote? Historia inajibu. Tarehe 8 Novemba 1895, huko Würzburg katika Ujerumani, profesa Wilhelm Röntgen aligundua mionzi hii. Mwezi uliofuata akapiga picha ya mkono wa mke wake, mifupa na pete vikaonekana. Dunia ikashangilia. Lakini mwanga usioonekana uliwaunguza waliocheza nao. Clarence Dally, msaidizi wa Edison katika Marekani, aliunguzwa mikono hata ikakatwa, akafa mwaka 1904. Mwaka 1936, katika mji wa Hamburg, waliweka jiwe la ukumbusho lenye majina 169 ya watu waliouawa na kazi hii. Wakati wa vita vya 1914 hadi 1918, Marie Curie aliyepeleka magari yenye mashine hizo karibu na uwanja wa vita hakuona kwamba kubonyeza kitufe kunatosha: alifungua mafunzo, wakafundishwa wanawake wapatao 150.

Basi tulikwenda nyumbani kwa yule binti. Baba yake alitukaribisha kiti. Tukasema: «Mzee, tumekuja kukiri. Shauri tulilompa binti yako lilikuwa baya.» Tukamweleza habari ya mwembe, ya picha mbili, ya yule mama. Mzee akanyamaza kwa muda mrefu, kisha akauliza: «Mwalimu, je, sasa umetazama pande zote mbili? Ada nani atailipa?»

Swali lile lilikuwa haki. Ada bado haijatimia. Mzee ameahidi sehemu, wajomba sehemu, nasi tumetoa kidogo kutoka mshahara wetu, maana deni hili ni letu pia. Binti mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni akisikia yote. Siku iliyofuata alikuja shuleni kuazima kitabu cha fizikia, nasi tukampa.