Kwa fundi wa sanamu za milima

Katika miji yetu mafundi wa sanamu hawakosekani. Mtu akitaka sanamu ya ndoa, ya ubatizo wa mtoto, au ile ndogo ya kubandika kwenye karatasi za serikali, anajua ni mlango gani wa kubisha. Lakini fundi anayepiga sanamu za milima, mito na mashamba tu, huyo ni haba. Mmoja anakaa Butembo, na mwaka 2024 baraza la parokia lilinituma kwake. Nilishinda kazini kwake siku nzima, na mambo niliyoyaona yanafaa kusimuliwa.

Kwanza nieleze sababu ya safari. Juu ya kijiji chetu kuna kilima, na ubavu wake mmoja umepasuliwa na maji ya mvua. Korongo limeshuka kuelekea shule. Wazee wetu waligawanyika. Wengine walisema: korongo lile ni la tangu zamani, wala halisogei. Wengine walisema: linakula udongo kila mwaka, tupande miti na majani, na wenye mashamba ya ukingoni waache hatua kumi za udongo wao. Neno hili si dogo. Mtu mwenye shamba la hatua thelathini, ukimwondolea kumi, umegusa sahani ya watoto wake. Tulikutana mara mbili, maneno yakawa mengi, na kila mmoja akarudi nyumbani na lake.

Ndipo mama mmoja akasema: «Yule bwana anayekuja na aparei yenye miguu mitatu, asimame juu ya jiwe, asipige sanamu ya mtu yeyote, hana ushuhuda yeye?» Watu wakacheka, lakini neno likabaki. Mkwe wangu, mzee wa heshima, akanijibu hivi: «Sanamu ya mtu ina maana, sababu mtu anakufa. Mlima haufi. Unasimama pale kila asubuhi, na kuutazama ni bure. Ya nini kuupiga sanamu?» Nikaondoka na swali lake kichwani.

Kazi ya fundi ni vyumba viwili nyuma ya nyumba yake. Chumba cha kwanza kina meza pana, ordinatere, na mashine ya kutoa sanamu kwenye karatasi nene. Chumba cha pili hakina dirisha hata moja. Zamani ndipo alipooshea filimu zake. Taa nyekundu ingali inaning'inia, na mabakuli matatu yamepangwa. Alinieleza kazi ya kila bakuli: dawa ya kwanza inaivisha sanamu, ya pili inaisimamisha, ya tatu inaikaza isiharibiwe na mwanga, kisha karatasi inaoshwa kwa maji mengi. Siku hizi anatumia aparei isiyo na filimu, lakini mabakuli hakuyatupa. «Haya ndiyo yaliyonifundisha kungoja, Mwalimu,» akasema.

Kungoja ndiyo nusu ya kazi yake. Mchana kati, jua likiwa utosini, vilima vinaonekana kama bamba, havina kivuli wala kina. Kwa hiyo yeye yuko njiani mbele ya saa kumi na mbili asubuhi, au anangoja jioni, mwanga ukija kwa upande na kuonyesha kila mkunjo wa udongo. Siku nzuri kupita zote ni ile inayofuata mvua kubwa, sababu mvua imefagia vumbi na moshi wa mashamba.

Nilimwuliza miguu mitatu ni ya nini. Akanionyesha kijitundu kilicho ndani ya jicho la aparei. Akikifungua sana, mwanga unaingia upesi, lakini kitu kimoja tu kinaonekana sawasawa, vingine vinafifia. Akikifunga kiwe kidogo, jani la karibu na kilele cha mbali vyote vinaonekana wazi. Lakini hapo mwanga unaingia polepole, na mkono wa binadamu hauwezi kutulia muda wote huo. Kwa hiyo anaweka aparei juu ya miguu mitatu, na yeye mwenyewe anajizuia asiiguse.

Ukutani, mahali pa heshima, palikuwa sanamu moja isiyo yake. Ilionyesha vilele vya Ruwenzori vyenye theluji, na mawingu chini yake. Aliyeipiga ni Vittorio Sella, Mwitalia wa mji wa Biella, aliyezaliwa mwaka 1859 na kufa mwaka 1943. Baba yake aliandika kitabu cha ufundi wa sanamu tangu mwaka 1856, basi mtoto alikulia katika kazi. Mwaka 1906 Sella alikuja huku pamoja na Luigi Amedeo, mwana wa ukoo wa kifalme wa Italia. Tarehe 18 Juni mwaka ule Luigi Amedeo alifika juu ya Margherita, kilele kinachopita vingine vyote vya Ruwenzori, chenye metre 5 109, penye mpaka wa Congo na Uganda. Barani Afrika ni Kilimanjaro na mlima Kenya tu inayokipita. Waliopanda na mizigo hadi penye baridi walikuwa Bakonzo, ndugu za Banande wa upande wetu. Tunasoma majina ya mabwana katika vitabu. Fundi yangu anapenda kuwakumbuka pia wale waliobeba.

Ruwenzori ni mlima wa mawingu. Mtu anaweza kukaa wiki nzima chini yake asiuone. Sella aliungoja katika mvua na matope, na sanamu zake zimewekwa Biella mpaka leo. Ndizo zilizowasaidia wenye elimu wa nyakati zetu, maana zinaonyesha barafu ilifika wapi mwaka 1906. Wakati ule barafu ya Ruwenzori ilifunika kadiri ya kilometre mraba 6 na nusu. Ilipopimwa mwaka 2003, haikutimia hata kilometre mraba 1, na tangu hapo imezidi kupungua, sababu ulimwengu unazidi kuwa na joto.

Nikamwambia: «Fundi, basi mito yetu itakauka.» Akatikisa kichwa. Alisema wenye kupima maji wameona kwamba barafu inatoa sehemu ndogo sana ya maji ya mito inayoshuka kutoka kule. Mengi ni ya mvua, na mvua inashikwa na msitu na majani na udongo wa chini yake. «Barafu hatuwezi kuirudisha mimi na wewe,» akasema. «Lakini udongo wa kilima chako ungali mikononi mwenu.»

Kisha akatoa sanduku la bati. Ndani yake kulikuwa bahasha, kila moja na jina la mahali na mwaka. Ana sanduku namna hiyo kwa vilima vingi, lakini si vyote vinavyoendelea. Upande wa Beni, tangu mwaka 2014, watu wengi sana wameuawa na vijiji vimekimbiwa. Mahali pengine hakuthubutu kurudi, na bahasha zinakoma. Alizipitisha vidole bila kusema neno, nami sikumwuliza.

Bahasha ya kwetu haikukoma. Akapanga mezani sanamu nne: 2011, 2016, 2019, na ile ya mwezi uliopita. Zote zilipigwa juu ya jiwe lile lile, kwa jicho lile lile la aparei, katika mwezi ule ule wa mwaka. Hapo ndipo nilipofahamu ukaidi wake. Kama angesogea hatua ishirini, au kubadili jicho la aparei, mtu angeweza kusema: hapa umedanganywa na macho. Katika sanamu ya kwanza mikalitusi mitatu inasimama juu ya korongo. Katika ya pili imebaki miwili. Katika ya mwisho ni mmoja, na mizizi yake inaning'inia hewani kama vidole. Tena akachukua rula akapima: mwaka 2011, kutoka mdomo wa korongo mpaka shule, ungeweza kuweka majengo manne kama ile shule, moja baada ya lingine. Sasa mawili hayaenei.

Bei yake kwa sanamu kubwa ni dola ishirini. Zinanunuliwa na wenye hoteli na wenye maduka ya dawa, na waganga wa mashamba wanamwita mara kwa mara. Kwetu alitaka bei ya karatasi tu.

Jumapili iliyofuata, nyuma ya misa, tulizitundika sanamu nne katika darasa. Watu walisimama mbele yake muda mrefu. Mmoja aliyeshikilia kwamba mkalitusi wa pili ulikatwa kwa mbao, aliona shina lake limelala ndani ya korongo, katika sanamu ya 2016, na majani yake yote. Hakusema neno, akaenda kukaa. Wenye mashamba wawili walikubali kuacha hatua kumi, na jamaa nyingine zikawapa kila mmoja kipande bondeni. Wa tatu hajakubali bado. Yeye ni mjane, na shamba lile ndilo alilo nalo peke yake. Baraza halina ruhusa ya kumsukuma mpaka lipate cha kumpa. Majani ya tembo yamekwisha kupandwa mahali pengine pote.

Mkwe wangu alizitazama sanamu mara mbili, akifuata kwa fimbo. Akasema: «Kumbe nao unakufa, ila polepole kupita macho yetu.» Sikuona haja ya kuongeza jibu.

Neno la mwisho ni la fundi mwenyewe, aliponisindikiza. Aliomba tusilivunje jiwe lake kuwa kokoto, maana anataka kurudi. Vijana wamelipaka alama ya chokaa. Nanyi wasomaji, kama mna nyumbani sanamu ya zamani ambamo kilima au mto unaonekana nyuma ya mgongo wa babu, msiitupe kwa kuwa imechakaa. Geuzeni, andikeni nyuma yake mahali na mwaka, wazee wanaokumbuka wakiwa wangali hai.