Goma: Sura ya mama ilionekana kijani ukutani

Katika nyumba moja ya mbao, kartie Katindo mjini Goma, familia iliyokimbia vita Masisi imepokelewa na ndugu yao. Siku ya kukimbia hawakubeba vitu vingi. Baba alikuwa na flashi moja tu mfukoni: ndani yake mna video ya ndoa yake na mkewe, ambaye amekwisha kufariki. Picha nyingine ya mama haikubaki.

Jumapili moja usiku, mwenye nyumba alitundika shuka jeupe ukutani na kuwasha projekteri yake ya zamani. Mama akatokea, anacheka. Lakini uso wake ulikuwa na rangi ya majani. Mtoto wa mwisho, ambaye hamkumbuki mama yake, akauliza: «Papa, juu ya nini mama iko kijani?» Baba akanyamaza.

Jirani mmoja, mpiga picha za harusi, alieleza sababu. Projekteri nyingi za aina hiyo zinatumia taa ya zebaki. Mwanga wake una kijani na buluu kwa wingi, lakini nyekundu ni kidogo. Kupunguza kijani kwa rimoti kunasaidia, ila hakumalizi shida: projekteri ya LCD haizibi mwanga wote. Hata pahali penye giza, kijani kidogo kinapenya, na weusi unageuka kijivu. Filtri ikiwekwa mbele ya lensi inakata hicho kijani penye mwanga na penye giza pia. Nyekundu inapita karibu yote.

Jirani akatoa katika mkoba wake filtri FL-D, kioo cha rangi ya waridi iliyokolea. Wapiga picha walikitumia wakati wa filamu, chini ya taa za neo. Akakisimamisha mbele ya lensi, bila kuziba matundu ya hewa. Kisha wakaweka picha ya kijivu, wakarekebisha rangi kwa rimoti mpaka kijivu kikawa kijivu kweli.

Kwa wenye projekteri nyumbani: anzeni na yasiyo na bei. Futeni lensi, fungeni rido, chagueni rangi za sinema. Kama taa ni mpya na picha inachoma macho, filtri ND2 inapunguza mwanga nusu. Taa ikichoka, itoeni. Filtri yoyote inakula mwanga, basi chumba kiwe na giza. Plastiki isiwekwe pale, joto linaweza kuiyeyusha. Na watoto wasichungulie ndani ya lensi.

Usiku ule picha ilififia kidogo, lakini nguo nyeusi ya bwana arusi ilikuwa nyeusi. Mtoto akasogea karibu na shuka, akaweka mkono wake kando ya shavu la mama.

«Iko na rangi kama yangu», akasema.

Wakairudilia video mara tatu, mpaka umeme ukakatika.