Sisi Wanawake, Sisi Gani?

Kila nisikiapo mtu akisema "sisi wanawake", hujiuliza moyoni: sisi gani? Si kwamba nauchukia umoja. Nimeishi Marekani miaka mingi, nimekaa katika mikutano ya wanawake, na nimeona kwamba neno hilo lina mlango, na mlango una bawabu.

Historia ni shahidi. Tarehe 3 Machi 1913 wanawake waliandamana Washington kudai haki ya kupiga kura. Ida B. Wells, mwandishi aliyefichua jinsi makundi ya Wazungu yalivyowaua watu weusi, alikuja na wenzake wa jimbo la Illinois. Aliambiwa atembee nyuma pamoja na weusi wenziwe, ili wanawake wa Kizungu wa Kusini wasiudhike. Alikataa. Msafara ulipopita, alitokea katikati ya watazamaji akajiunga na kundi la jimbo lake. Mwaka 1920 katiba ilirekebishwa ili wanawake wapige kura, lakini huko Kusini wanawake weusi wengi waliendelea kuzuiwa mpaka ilipopitishwa sheria ya 1965.

Mwaka 1974 wanawake weusi wa Boston waliunda kundi lao, Combahee River Collective. Walichoka kuambiwa na Wazungu wasahau rangi yao, na kuambiwa na wanaume weusi wasahau uanawake wao. Mwaka 1989 mwanasheria Kimberlé Crenshaw alitumia mfano wa njia panda: aliyesimama hapo aweza kugongwa na gari litokalo upande wowote.

Njia panda hiyo naijua. Katika mkutano mmoja nilisema kwamba wengi wetu huenda kazini kwa sababu kuna mwanamke mweusi anayelea watoto wao kwa ujira mdogo. Mwenyekiti aliniomba, kwa upole, nisiwagawe wanawake. Nilipomsimulia jamaa yangu, alicheka: "Si nilikwambia hayo ni mambo ya Wazungu?" Mmoja alisema kwa upole, mwingine kwa kicheko, lakini wote walitaka ninyamaze.

Sikujitoa, wala sikunyamaza. Wahenga walisema adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Basi ndugu msomaji, anayeumia asemapo, msikilize kwanza. Umoja unaodai kimya cha mmoja wetu haujawa umoja bado.